Flatliners ya zamani, Flatliners mpya au Jacob's Ladder: uanze na ipi?

Kuna filamu ambazo trela zake hukuahidi kukuonyesha kilichoko ng'ambo ya kaburi. Ukikaa ukazitazama, unakuta umeonyeshwa kitu kingine kabisa: yule mtoto mliyemcheka darasani mpaka akaacha kuinua mkono, ile simu uliyoiacha ikaita, lile kosa ulilolifukia ukadhani limeoza. Mimi nazipenda hizo kuliko zile za mizimu inayogonga milango. Na kwa kuwa kila ninapozitaja mtu huniuliza aanze na ipi, leo nimezishindanisha tatu.

Ya kwanza ni Flatliners ya mwaka 1990, iliyoongozwa na Joel Schumacher. Ya pili ni Flatliners iliyotengenezwa upya mwaka 2017 chini ya Niels Arden Oplev. Ya tatu ni Jacob's Ladder ya Adrian Lyne, nayo ya 1990. Hakuna inayofika saa mbili, kwa hiyo urefu usikusumbue katika kuchagua. Wala usichague kwa kuuliza ipi inatisha zaidi, maana hapo utapotea. Uliza hivi: filamu inamfanya nini mtu mwenye deni la zamani? Moja inamtuma akagonge mlango wa aliyemkosea. Nyingine inamkimbiza kwenye korido hadi apige mayowe. Nyingine inamtaka aachilie, na hajui anachotakiwa kuachilia ni kipi.

Miisho sitaisema. Ya Jacob's Ladder hasa sitaikaribia, maana ukishaijua umeshaiua filamu.

Wanavyoingia

Flatliners zote mbili zina kisa kimoja: wanafunzi watano wa udaktari wanausimamisha moyo wa mmoja wao kwa makusudi, wanasubiri, kisha wanamrudisha ili awasimulie alichokiona. Jina lenyewe ni ule mstari wa mashine ya moyo unapolala bapa. Kila anayerudi anarudi na kitu kimemfuata.

Katika ile ya 1990 anayeanzisha ni Nelson, aliyechezwa na Kiefer Sutherland: kijana mwenye kiburi cha aina yake, anayetaka kufa dakika moja tu kisha aamke akiwa maarufu. Akisharudi mzima, wenzake badala ya kuogopa wanapigania zamu. Na hapa ndipo filamu inaponikamata kila nikiirudia. Zamu inanadiwa. Anayekubali kukaa maiti kwa muda mrefu zaidi ndiye anayelazwa, basi wanapandishiana kwa sekunde, mmoja akitaja, mwingine anaongeza, kama watu walio mnadani. Hakuna aliyewalazimisha. Ukitazama nyuso zao unaona ni wanafunzi waliozoea kuwa wa kwanza darasani, na sasa wanashindania nafasi ya kwanza ya kufa. Tukio zima halina tone la damu, na linatisha kuliko nusu ya vitisho vya filamu yenyewe.

Ile ya 2017 ina sababu tofauti, na ukiitazama kwenye karatasi ni nzuri zaidi. Courtney, aliyechezwa na Elliot Page, anataka kupata picha za ubongo wakati mtu anakufa, kwa hiyo wanafanyia kazi yao chini ya hospitali, kwenye chumba kisichotumika chenye mashine za kupiga picha hizo. Anaporudi, akili yake imekuwa kali ghafla. Masomo yaliyokuwa yakimshinda anayamudu. Wenzake wakiona hivyo nao wanataka, kwa sababu wako kwenye mafunzo yanayowala usingizi na wanaogopa kubaki nyuma. Hiyo ni tamaa ya kweli kabisa, kila aliyewahi kukesha na vitabu ataielewa. Kwa bahati mbaya filamu inaigusa dakika chache, inaingia kwenye sherehe na muziki, halafu inaisahau.

Niseme na hili kwa wenye ndugu madaktari, maana watawakatizia filamu kila baada ya dakika tano: ndiyo, ni uongo. Kile kifaa cha kushtua moyo hakiwashi moyo uliolala kabisa. Kinatumika kwa moyo unaotetemeka ovyo, ili urudi kwenye mapigo yake. Na ubongo uliokosa oksijeni huanza kuharibika ndani ya dakika chache, ndiyo maana ile ya 1990 inawapoza mwili kwanza ili hadithi isimame. Mwambieni daktari wenu atulie, au akapike chai.

Jacob's Ladder haina mashine wala jaribio. Jacob Singer, aliyechezwa na Tim Robbins, alipigana Vietnam; sasa anafanya kazi posta jijini New York na anaishi na mwanamke wa hapohapo posta anayeitwa Jezzie. Anasinzia kwenye treni ya chini ya ardhi. Anaamka, anashuka kituoni, anakuta milango ya kutokea imefungwa. Ndiyo hivyo tu. Hakuna anayekwambia umeshaingia mahali, na kwa saa moja na nusu inayofuata utakuwa unajiuliza uliingilia wapi.

Madeni yenyewe

Hapa ndipo pa kuchagulia, kwa hiyo nitakaa.

Flatliners ya 1990 ina madeni manne, na hayafanani uzito. Nelson akiwa mtoto alishiriki mchezo wa kumwandama mtoto mwenzake, Billy Mahoney, na mchezo ukaishia kwenye kifo. Sasa Billy anamrudia akiwa vilevile mtoto, amevaa kofia ya sweta, na anampiga. Si mzimu wa kupita ukutani. Ni mtoto mwenye hasira anayempiga mtu mzima hadi damu, na mtu mzima hana la kujitetea.

David, aliyechezwa na Kevin Bacon, deni lake ni dogo. Alimtukana msichana mmoja shuleni, Winnie Hicks, siku baada ya siku, pamoja na wenzake. Hakufa mtu. Ni kosa ambalo wengi wetu tumelifanya au tumelitazama likifanywa tukicheka. Msichana yule anamtokea kwenye treni, angali mdogo, na anamtukana David mbele ya abiria kwa maneno ya kitoto yaleyale. David anafanya jambo ambalo watu wa filamu za kutisha hawalifanyi: anamtafuta Winnie halisi, ambaye sasa ni mama mwenye mume na mtoto, anakwenda hadi nyumbani kwake, na anaomba msamaha.

Tukio hilo ni fupi. Halina muziki mkubwa. Mwanamke hataki hata kukumbushwa. Mwanzoni anajifanya yamekwisha, ya kitoto yale. Kisha unaona uso wake unavyobadilika na unajua hayakuwahi kwisha. Mara ya kwanza nilipoitazama nilisimamisha hapo, nikakaa na skrini imeganda. Nilikuwa na Winnie wangu, mvulana tuliyempa jina la mnyama tukiwa darasa la nne, na jina lile likamfuata mpaka alipohama. Nilimtafuta mwaka mmoja baadaye. Alinijibu kwa adabu, kwa maneno mawili, na hakuendeleza. Tangu hapo tukio lile naliona la kweli zaidi, ingawa kwenye filamu David anatoka pale amepona na mimi sikutoka nimepona.

Rachel, aliyechezwa na Julia Roberts, hana kosa lolote. Alikuwa mtoto mdogo baba yake alipojiua, na amekua akiamini ni yeye aliyesababisha. Kwa hiyo kwake mambo yanageuka: badala ya yeye kuomba msamaha, ni yeye anayeombwa. Naipa filamu heshima kwa hilo. Si kila mzigo unaobebwa ni dhambi ya aliyeubeba, na wengi wanaoandika hadithi za toba hulisahau hili.

Deni la nne ndilo doa. Joe, aliyechezwa na William Baldwin, amekuwa akilala na wanawake huku akiwarekodi kwa siri. Baada ya kufa na kurudi, anawaona kwenye kila skrini wakimrudishia maneno yake matamu. Mchumba wake anazikuta kanda, anamwacha, basi. Hakuna mlango anaougonga. Hakuna hata mwanamke mmoja kati ya wale anayepewa jina na dakika tatu kama alivyopewa Winnie. Filamu inadhani adhabu ya Joe ni kuachwa na mchumba, kana kwamba aliyemkosea ni mchumba peke yake. Mwaka 1990 huenda watu walicheka hapo. Leo hapachekeshi, na inashangaza kwamba waandishi walioielewa aibu ya Winnie hawakuielewa ya hawa.

Mtazamaji angetegemea toleo la 2017 lirekebishe hapo, na makosa yake kwa kweli ni makali zaidi na ni ya wakati wetu. Courtney aliangalia simu akiendesha gari, na mdogo wake akafa. Sophia alivujisha picha za utupu za mwanafunzi mwenzake ili amshinde. Jamie alimtelekeza msichana aliyekuwa na mimba yake. Marlo alikosea kazini, mgonjwa akafa, naye akaficha ushahidi. Lisome tena hilo la mwisho. Daktari mwanafunzi aliyeua kwa bahati mbaya akadanganya kwa makusudi! Ukimpa mwandishi mwenye subira, hilo peke yake ni filamu ya saa mbili.

Lakini filamu haina subira. Ikishataja kosa inakimbilia kivuli kwenye bafu, mkono unaotoka gizani, mlango unaojifunga. Sophia anakwenda kuomba msamaha, Jamie naye anakwenda, ila matukio hayo yanapita mbiombio kama mtu anayelipa bili. Kisha kwa Marlo filamu inaleta jibu la kwamba ajisamehe mwenyewe. Sawa, kujisamehe ni sehemu. Ila mgonjwa yule alikuwa na watu wake, na mimi nilikaa nikiwasubiri. Ukikosea ukaficha halafu ukajisamehe, kuna mtu ambaye hajaulizwa.

Jacob's Ladder ina deni moja tu kubwa, na karibu halitajwi. Jacob alikuwa na mtoto, Gabe, aliyegongwa na gari kabla baba yake hajaenda vitani. Jacob anaitunza picha yake na kulia, na Jezzie anakereka. Kuna na lile lililotokea vitani, ambalo anahisi aliona kitu akakisahau. Kosa lake ni lipi hasa? Filamu haisemi waziwazi, na nadhani kwa makusudi. Jacob anajuta kama wanavyojuta watu wengi, bila hati ya mashtaka, kwa kuwa alikuwepo au kwa kuwa hakuwepo.

Nitakuonyesha sehemu moja. Jacob anashikwa na homa kali hadi majirani wanambeba na kumtumbukiza kwenye beseni la kuogea lililojaa barafu. Anapiga kelele. Halafu anafumbua macho: yuko kitandani na mke wake wa zamani, dirisha liko wazi, ni baridi tu ya usiku. Anamwambia mkewe ameota ndoto ya ajabu, alikuwa anaishi na yule mwanamke wa posta. Mkewe anamtania. Gabe anaingia, anataka kufunikwa. Jacob anamfunika, anarudi kitandani, amejaa furaha ya mtu ambaye hakuna alichopoteza. Anafumba macho. Anayafumbua akiwa kwenye barafu. Hakuna jini wala pembe katika dakika hizo, na sijaona kifo kikielezwa vizuri kuliko pale.

Hofu yake ni ya namna gani

Ya 2017 inakushtua. Kimya, kimya, kisha sauti kubwa. Ukitazama na kundi la marafiki mtaruka, mtacheka, mtamalizia bisi. Nchini Marekani iliwekwa kwenye daraja la PG-13, yaani wazazi wanatahadharishwa kuhusu watoto walio chini ya miaka 13, wakati zile mbili nyingine ziliwekwa kwenye daraja la R, yaani aliye chini ya miaka 17 aandamane na mtu mzima. Wahakiki waliiponda sana ilipotoka, na sioni kama walionea. Sutherland amerudi humo akiwa daktari mkuu mwenye jina jingine, na hapewi cha maana cha kufanya. Kama ulikuwa unaitaka kwa ajili yake, ujue hivyo.

Ya 1990 inatisha kwa mahali. Schumacher na mpigapicha wake Jan de Bont wameujaza Chicago moshi, bluu na rangi ya moto, na wanafunzi wanafia kwenye jengo lenye nguzo na michoro kama kanisa lililoachwa. Kuna wakati urembo huo unazidi. Mtu anatembea barabarani na kila shimo linatoa mvuke utadhani jiji zima linapika. Mimi nimeuzoea. Mwenzangu mmoja aliniambia alihisi anatazama video ya muziki, na sikuwa na hoja ya kumshinda.

Jacob's Ladder inakusumbua badala ya kukushtua. Kuna watu ambao vichwa vyao vinatikisika kwa kasi isiyo ya binadamu, sura imefutika. Haikufanywa kwa kompyuta: mwigizaji alitikisa kichwa mbele ya kamera iliyonasa picha chache mno kwa sekunde, kisha zikaonyeshwa kwa kasi ya kawaida. Ndiyo maana hadi leo haijachakaa. Na kuna safari ya kitanda cha magurudumu hospitalini, korido inazidi kuchafuka kadiri anavyosukumwa, ambayo sikushauri uitazame kama una mgonjwa wodini wiki hii.

Katikati ya hayo yupo Louis, mtaalamu wa kunyoosha mgongo, aliyechezwa na Danny Aiello. Ni yeye anayempa Jacob ufunguo, akimnukuu mwanateolojia wa zamani Meister Eckhart: kwa ufupi, kinachoungua motoni ni kile kinachong'ang'ania, na anayeonekana kuwa shetani kwa mtu anayeogopa kufa huenda ni malaika kwa aliyekubali. Mwandishi wa filamu, Bruce Joel Rubin, mwaka huohuo alikuwa na filamu nyingine, Ghost, iliyompa tuzo ya Oscar kwa kuandika. Mtu mmoja, mwaka mmoja, vifo viwili: kimoja cha kukufariji na hiki.

Nje ya hizi tatu

Nikitajiwa What Dreams May Come ya 1998, ya Robin Williams, huwa nasema ni ya macho. Ilipata Oscar ya madoido ya picha na inastahili. Pepo yake imepakwa rangi mbichi, na mtu anaishukia jehanamu kumfuata mkewe. Inazungumza mno. Ina vifo vya watoto na mtu kujiua, hivyo aliyefiwa karibuni aipishe.

After Life ya Hirokazu Kore-eda, ya Japani, ya 1998 pia, haina giza, na bado naiweka hapa. Wafu wanafikia kwenye jengo la kawaida kama ofisi, wanapewa siku chache kuchagua kumbukumbu moja tu ya kwenda nayo milele, nayo inaigizwa na kurekodiwa. Wasioweza kuchagua wanabaki kufanya kazi hapo. Kama makosa ya zamani yamekuchosha na unataka kuuliza swali la upande wa pili, itafute yenye manukuu.

Kwa hiyo

Ukitaka usiku wa kelele na marafiki, chukua ya 2017 bila aibu, ila usiifanye ya kwanza. Itakuharibia kisa kizuri. Ukiwa na mtu wa zamani ambaye jina lake bado linakuchoma, chukua ya 1990, na uusamehe mvuke wote ule kwa ajili ya David na Winnie. Kwa anayeanza kabisa na filamu za namna hii ndiyo ninayoipendekeza, kwa sababu inafuatika na watu wake wanafanya jambo, hawasubiri kufanyiwa.

Ila ukinibana nichague moja ya kubaki nayo, nitachagua Jacob's Ladder, hata kama mara ya kwanza niliizima katikati nikidhani nimechoka, kumbe nilikuwa naogopa. Haifai kwa aliyepoteza mtoto wala kwa mwenye majeraha ya vita. Hakikisha unayoifungua ni ya Tim Robbins, maana ipo nyingine ya 2019 yenye jina hilohilo. Usisome maelezo yake popote. Itazame peke yako, simu iwe chumba kingine, na ikiisha usiinuke: irudishe mwanzo, utazame tena zile dakika kumi za kwanza, hadi anaposhuka kwenye treni na kukuta milango imefungwa.